Ruta Inapoishiwa Anwani: Somo la DHCP kwa Ofisi za Parokia na Nyumba za Malezi



Ndugu msomaji, somo la leo linahusu ukurasa mmoja mdogo katika mipangilio ya ruta, ule ulioandikwa 'DHCP'. Wengi wetu tukishaunganisha ruta na kuona intaneti inafanya kazi, hatuufungui kabisa ukurasa huo. Nami nilifanya hivyo nilipoombwa kuweka mtandao katika ofisi ya parokia moja hapa Ukerewe. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyelilipia ni mtu mwingine, na ndiyo maana naanza na habari yake.

Ilikuwa Jumapili, baada ya Misa ya pili. Dada mmoja aliyebatizwa katika parokia hiyo akiwa mchanga alikuwa amevuka kutoka Mwanza kuja Nansio kuchukua cheti kipya cha ubatizo. Parokia atakakofungia ndoa ilikitaka kabla ya kutoa tangazo la kwanza. Alitakiwa kurudi na meli siku ileile. Daftari la ubatizo lilikuwepo, jina lake lilionekana, Padre msaidizi alikuwepo na mhuri mkononi. Kilichokosekana ni fomu. Zile zilizokuwa kabatini zilikwisha, na nyingine zilipaswa kuchapwa kutoka kompyuta ya ofisi kwenda kwenye printa iliyo chumba cha pili, kupitia ruta. Waya wa kuunganisha kompyuta na printa moja kwa moja haukuwepo.

Katibu akafungua kompyuta. Alama ya waifai ipo, intaneti hakuna, printa haionekani. Akasema lile tunalolisema sote: "Mtandao umekata." Kisha akafanya lile tunalolifanya sote: akazima ruta, akangoja kidogo, akaiwasha. Intaneti ikarudi, watu wakapiga makofi. Akabonyeza kuchapa. Printa kimya. Akabonyeza tena, kimya. Kuzunguka kwa pantoni ya Rugezi hadi Kisorya na kupanda basi la kupitia Bunda kungemfikisha usiku, na bado fomu haikuwepo. Yule dada akaondoka mikono mitupu. Cheti tulikituma siku tatu baadaye kwa mkono wa abiria, na tangazo la kwanza likasogea wiki nzima.

Siku ile yalitokea matatizo mawili, na la pili lilizaliwa na dawa ya lile la kwanza. Ili kuyaelewa, tutembee kidogo hadi bandarini.

Mgeni anayetafuta chumba

Chukulia umeshuka melini Nansio jioni na humjui mtu. Unasimama gatini unapaza sauti: "Jamani, nani ana chumba?" Mhudumu wa gesti anajibu: "Mimi ninacho, namba 12." Unasema: "Haya, nachukua hicho namba 12." Anaandika jina lako daftarini, anakupa ufunguo, anakwambia: "Ni chako hadi kesho saa 4 asubuhi. Ukitaka kuendelea, njoo uniambie mapema."

Simu yako inapoingia kwenye waifai inafanya hayohayo manne, kwa sehemu ndogo tu ya dakika. Inapaza sauti kwa kila aliye kwenye mtandao, ruta inajibu kwa kutaja anwani iliyo wazi, simu inaikubali, ruta inathibitisha na kuandika. Huo ndio utaratibu wa DHCP. Pamoja na anwani, simu hupewa habari nyingine mbili za lazima: mlango wa kutokea kwenda intaneti ni upi (kwa kawaida ni ruta yenyewe), na nani wa kumuuliza majina ya tovuti. Anayekosa hizo mbili ni kama mgeni mwenye chumba asiyejua lango la gesti liko wapi.

Neno la kushika hapa ni muda. Mwaka 2022 nyumba zetu zilibandikwa vibao vya anwani za makazi, na kibao kile hakihami nyumba. Anwani inayotolewa na DHCP ni ya kupanga, si ya kumiliki. Ina muda wa pango. Nusu ya muda huo ikipita, kifaa kilichowashwa kinarudi kimyakimya kwa ruta kuomba kuendelea. Kisipojibiwa, kinajaribu tena muda unapokaribia kwisha. Na kifaa kilichoondoka bila kuaga, mathalani simu iliyotoka kanisani ikaenda zake Bugolora, jina lake linabaki daftarini hadi pango liishe, hata kama hakitarudi. Mhudumu hawezi kujua kama mgeni ameondoka au amelala.

Utaratibu huu si wa juzi. Mwaka 1985 kulikuwa na mtangulizi wake aitwaye BOOTP. Huyo alikuwa na orodha iliyoandikwa na mtu kwa mkono: kifaa hiki namba hii, kile namba ile. DHCP yenyewe ilitangazwa mwaka 1993, na maelezo yake yanayofuatwa kwa mtandao wa aina yetu ni ya mwaka 1997, yaliyoandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell nchini Marekani. Jipya alilokuja nalo DHCP ni hilo la kukodisha: namba chache zikahudumia watu wengi kwa zamu.

Na namba ni chache kweli. Anwani za aina hii duniani kote ni 4,294,967,296, pungufu ya idadi ya watu. Za hadharani kwa bara letu zinasimamiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Lakini ndani ya nyumba tunatumia zile zilizotengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani tu, ikiwa ni pamoja na zote zinazoanza na 192.168. Ndiyo maana ruta ya parokia Nansio na ya jirani yako Mwanza zote zinaweza kuitwa 192.168.1.1 bila kugombana, kama vile kila mji ulivyo na Mtaa wa Sokoni na barua hazipotei.

Kilichotokea Jumapili ile

Ruta niliyoiweka ilitoka dukani ikiwa na fungu la anwani 50, kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, na muda wa pango wa saa 24. Kwa familia ya watu sita hiyo ni anasa. Kwa parokia ni balaa.

Neno la siri la waifai lilikuwa limeshasambaa: kwanya wanalo, VIWAWA wanalo, akina mama wa WAWATA wanalo, na watoto wao pia. Simu iliyowahi kuunganishwa huunganishwa yenyewe mwenye nayo akifika kanisani, hata ikiwa mfukoni. Misa ya kwanza ikachukua anwani kadhaa, ya pili ikachukua zilizobaki. Waliotoka Misa ya kwanza walikuwa nyumbani wanakunywa chai, lakini majina yao yangekaa daftarini hadi Jumatatu. Kompyuta ya ofisi ilipewa anwani Jumamosi saa 2 asubuhi na ikazimwa mchana. Jumapili saa 2 asubuhi pango lake likaisha bila mtu wa kuliendeleza. Ilipowashwa baada ya Misa ya pili ikapaza sauti, na ruta haikuwa na cha kujibu.

Hapo kompyuta yenye Windows hujipa yenyewe namba inayoanza na 169.254. Ikariri hiyo. Ukiiona, kifaa chako kiliomba anwani na hakikupewa. Usimpigie simu mtoa huduma wa intaneti, tatizo liko ndani ya nyumba.

Sasa dawa ya katibu. Ruta nyingi ndogo huweka daftari la wageni kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizimika. Kuizima ni kulichana daftari. Ruta ikaamka ikiamini vyumba vyote viko wazi, ikagawa upya, kompyuta ikapata. Lakini printa ilikuwa imeunganishwa kwa waya kupitia swichi ndogo ambayo haikuzimwa, kwa hiyo printa haikujua kwamba kuna lolote limetokea. Iliendelea kujiita 192.168.1.103, kama ilivyopewa siku iliyotangulia. Ruta haikuwa na habari hiyo, ikampa 192.168.1.103 kijana mmoja aliyekuwa nje na simu yake. Ruta nyingine hupiga hodi kwanza kwenye anwani kabla ya kuitoa, hii haikupiga. Wageni wawili, ufunguo mmoja. Kompyuta ilipotuma fomu kwenda namba 103, ikapelekwa kwa simu ya kijana, ambayo haijui kuchapa.

Ningeyazuia haya yote kwa dakika 15 za kazi. Kazi yenyewe ni hii.

Kupanga fungu, muda na anwani zilizotengwa

Anza na karatasi, si ruta. Andika vifaa vya kudumu vya nyumba: printa, kompyuta ya ofisi, ya Baba Paroko, ya mhasibu, kamera za ulinzi, televisheni ya ukumbini. Kisha kadiria wageni katika siku yenye watu wengi kuliko zote, yaani Jumapili ya Kipaimara au somo wa parokia, siyo Jumanne. Ukipanga kwa kuangalia Jumanne utarudi kwenye habari ya yule dada.

Unganisha kompyuta kwa waya kwenye ruta, fungua kivinjari, andika anwani ya ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, imebandikwa chini ya ruta). Ingia kwa jina na neno la siri la msimamizi. Kama neno hilo bado ni lile la kiwandani, libadilishe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu yeyote aliye kwenye waifai anaweza kuja kukupangulia kazi. Tafuta sehemu iliyoandikwa 'LAN' au 'Network', ndani yake 'DHCP Server'. Kabla ya kugusa, piga picha ya ukurasa kwa simu. Ukiharibu, utajua ulipotoka.

Katika mtandao wa kawaida wa nyumbani, wenye 255.255.255.0, namba ya mwisho inaweza kuwa 1 hadi 254. Moja ni ya ruta, zinabaki 253. Mimi hugawa hivi: 192.168.1.2 hadi 192.168.1.49 naziacha kwa vifaa vya kudumu, na fungu la wageni linaanza 192.168.1.50 hadi 192.168.1.249, yaani anwani 200. Hakuna mtu aliyeamuru iwe hivyo. Unaweza kugawa kwa namna nyingine, mradi sehemu mbili zisiingiliane.

Halafu muda wa pango. Kwa watu wanaokuja na kuondoka, saa 1 hadi 2 inatosha. Anayebaki ataongezewa bila kujua, aliyeondoka anatoa nafasi. Kwenye nyumba ya malezi ambako wakazi ni walewale, saa 24 haina ubaya. Angalia sana kipimo: ruta nyingine zinataka dakika, nyingine sekunde. Nilikwisha kuandika 120 nikidhani ni dakika, kumbe ni sekunde, na vifaa vyote vikawa vinamsumbua mhudumu kila dakika moja kuomba kuongezewa. Siku moja nzima ni dakika 1,440 au sekunde 86,400, hivyo namba utakayoikuta kwenye ukurasa itakuonyesha ni kipimo gani.

Jambo la tatu ndilo lingeokoa safari ya yule dada: anwani zilizotengwa. Kila kifaa kina namba ya kiwandani iitwayo MAC, herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbilimbili. Kwenye sehemu ya 'Address Reservation' unaandika MAC ya printa na anwani unayotaka iwe yake siku zote. Baada ya hapo printa itaendelea kuomba kama wengine, ila jibu litakuwa lilelile, na hakuna simu itakayopewa namba hiyo. Mpango huu huhifadhiwa mahali pasipofutika umeme ukikatika. Ruta nyingine zinataka anwani iliyotengwa iwe ndani ya fungu, nyingine zinakubali iwe nje. Ikikataa 192.168.1.10, jaribu 192.168.1.50. Ukimaliza, zima printa na uiwashe ili ichukue namba yake mpya, kisha irekebishe na kompyuta ijue printa imehamia wapi. Hatua hii ya mwisho husahauliwa sana.

Wengine hupendelea kuandika anwani ndani ya printa yenyewe. Inafanya kazi, lakini siku ruta itakapobadilishwa, hakuna atakayekumbuka nani aliandika nini wapi. Kutenga kwenye ruta kunaweka kila kitu kwenye ukurasa mmoja.

Tahadhari moja kuhusu simu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia MAC ya bandia kwa kila waifai, ili mwenye nayo asifuatiliwe anakopita. Ni jambo jema kwa faragha, lakini ukimtengea Baba Paroko anwani kwa MAC iliyoandikwa kwenye boksi la simu, haitamtambua. Ingia kwenye mipangilio ya waifai hiyo tu, uchague kutumia MAC halisi ya kifaa.

Kama ruta yako ina 'Guest Network', itumie. Wageni wanapata jina lao la waifai, neno lao la siri, na kwenye ruta nyingi fungu lao, mathalani 192.168.2.50 na kuendelea. Simu za kwanya zikijaa huko, ofisi haiguswi, na hakuna mgeni anayeweza kuifikia kompyuta yenye taarifa za waamini. Tujihadhari lakini: anwani si bando. Kuwa na anwani 200 hakufanyi ruta ndogo ya mezani iweze kubeba watu 200 wanaotazama video. Italemewa mapema sana.

Gesti mbili kwenye gati moja

Naweka hili kwa sababu linatokea mara nyingi kwenye nyumba zetu. Waifai haifiki ukumbini. Mfadhili mwema analeta ruta ya pili. Kijana anavuta waya kutoka ruta ya kwanza na kuuchomeka kwenye tundu lolote la ile ya pili. Kesho yake nusu ya vifaa vina intaneti, nusu havina, na kesho kutwa hao nusu wamebadilishana.

Ruta ya pili nayo ni mhudumu wa gesti. Mgeni akipaza sauti, wahudumu wawili wanajibu, na kwa kawaida anamfuata aliyewahi. Akimfuata wa pili, anapewa mlango wa kutokea usioelekea kokote. Utalitambua tatizo hili ukiona kompyuta moja ina 192.168.1 na iliyo pembeni yake ina 192.168.0.

Tiba yake ina mpangilio, usiuruke. Unganisha kompyuta kwenye ruta ya pili peke yake, ikiwa haijagusana na ya kwanza. Ibadilishe anwani yake iwe 192.168.1.2. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, kisha uzime DHCP yake. Ndipo uvute waya kutoka ruta ya kwanza, na uuchomeke kwenye tundu la LAN la ile ya pili, siyo lile lenye rangi tofauti. Ukianza kwa kuzima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, unaweza kujifungia nje, na huenda ukalazimika kuirudisha kiwandani kwa kubonyeza kitufe kwa pini. Ruta za siku hizi nyingi zina 'Access Point Mode' inayofanya yote hayo kwa mara moja.

Kujua tatizo liko upande gani

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile hakuna mpangilio wa ruta ambao ungesaidia, lakini wapo walioshinda wanazizima na kuziwasha. Kwenye Windows andika 'ipconfig' katika dirisha la amri. Kwenye simu angalia maelezo ya waifai uliyounganishwa nayo. Ukiona 169.254, au simu inazunguka tu kwenye kutafuta anwani, kagua fungu. Ukiona 192.168.1 pamoja na mlango wa kutokea, na printa inachapa, ila tovuti hazifunguki, DHCP imefanya kazi yake. Uliza mtoa huduma. Ukiona anwani sahihi na printa haichapi, tafuta kama kuna kifaa kingine chenye namba ya printa.

Fanya jaribio Jumamosi, si Jumapili asubuhi. Chapa ukurasa mmoja. Zima ruta, iwashe, chapa tena bila kugusa printa. Kisha fungua orodha ya wageni, 'DHCP Client List', uone kila uliyemtengea yuko mahali pake. Andika MAC, anwani na tarehe kwenye daftari litakalokaa ofisini, siyo kwenye simu yako.

Zoezi

1. Nyumba ya malezi ina vifaa 40 vya kudumu vilivyotengewa anwani nje ya fungu. Fungu lina anwani 200 na muda wa pango ni saa 24. Jumamosi WAWATA wa dekania wana semina ya watu 150, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Saa 11 jioni vijana 120 wanaingia kwa mkesha. Ni vijana wangapi watakosa anwani, ikiwa kila mtu ana simu moja?

2. Punguza muda wa pango hadi hakuna atakayekosa, hata kama simu zote za semina ziliongezewa muda dakika ya mwisho kabla ya kuondoka. Andika jibu lako kwa dakika, kisha kwa sekunde.